Simu imekwama kwenye nembo: usiruhusu iflashiwe kabla hujajua imekwama wapi

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Simu yangu ni ya Android, nimekaa nayo miaka mitatu. Juzi usiku ililetea ujumbe wa sasisho, nikakubali nikalala. Asubuhi nikaikuta inaonyesha nembo ya kampuni, kisha ile picha inayochezacheza, inatetemeka kidogo, inazima, inaanza upya. Haifiki kwenye kuingiza namba ya siri. Kwa miezi kadhaa ilikuwa inanilalamikia kuwa nafasi imejaa. Fundi wa kwanza kasema dawa ni kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya, na kila kitu kitafutika. Wa pili kasema atang'oa chipu ya memori aniwekee vitu vyangu kwenye kompyuta. Humo mna sauti za WhatsApp alizonitumia marehemu baba, amefariki mwezi uliopita, na sina nakala popote. Nimfuate yupi?

JIBU: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu.

Usimfuate yeyote kwanza. Wa kwanza anaanza na hatua iliyopaswa kuwa ya mwisho. Wa pili anaahidi jambo ambalo kwa simu ya miaka mitatu halifanyiki, na nitakueleza kwa nini. Kitu ulichonacho mkononi ni simu isiyofika mwisho wa safari yake ya kuwaka. Vilivyomo ndani kwa uwezekano mkubwa vipo palepale vilipokuwa juzi usiku, na kazi yetu ni kuhakikisha hakuna mtu anayevifuta katika jitihada za kusaidia.

Anza kwa kuitazama bila kubonyeza kitu. Simu ikiwashwa hupitia mikono kadhaa. Ndani ya prosesa kuna programu ndogo iliyochomwa kiwandani, haibadiliki. Hiyo humwamsha butiloda, programu inayoanzisha mfumo, ambaye huweka nembo iliyotulia kwenye kioo na kukagua kama mfumo uliomo una saini halali ya kampuni. Akiridhika humkabidhi kerneli, yaani kiini cha mfumo, naye huamsha vifaa kimoja kimoja, kisha Android yenyewe huanza, na hapo ndipo picha hutoka kwenye utuli na kuanza kucheza. Wakati inacheza, huduma za mfumo zinapangwa na programu zako zinakaguliwa. Kwa hiyo nembo iliyotulia na nembo inayocheza si ugonjwa mmoja. Simu inayofia kwenye nembo tuli ina shida chini kabisa: butiloda, kerneli, au ubao wenyewe unaobeba vipuri. Yako inafika kwenye picha inayocheza, yaani imevuka milango mitatu na inaangukia ya nne. Hiyo ni habari njema.

Sasa chukua saa. Hesabu sekunde kuanzia nembo inapotokea mpaka simu inapotetemeka na kuzima. Fanya hivyo mara tatu na uandike. Zikiwa karibu sawa kila mara, tuseme 48, 50, 49, basi inajikwaa mahali palepale, na hiyo kwa kawaida ni shida ya programu. Zikiwa 12, kisha 95, kisha 30, shuku umeme au ubao. Rudia hesabu hiyo simu ikiwa kwenye chaja. Ikienda mbali zaidi ikiwa na chaja, betri ina neno la kusema. Wakati wa kuwaka prosesa hufanya kazi kwa nguvu zake zote. Betri iliyochoka volti zake huporomoka ghafla na simu hukatika, hata kama dakika moja kabla ilionyesha asilimia 60.

Usicheke hii inayofuata: vua kava. Niliwahi kuletewa simu iliyokuwa tayari imeflashiwa mara mbili na mafundi wawili, na mwenye simu alikuwa ameshapoteza kila kitu. Tatizo lilikuwa kava jipya lililokaza upande wa kitufe cha kuwasha. Kitufe kikikandamizwa muda wote, simu inaelewa kuwa unailazimisha ijiwashe upya, inatii, na inatii tena, hata mwezi mzima. Kitufe kizima ukikibonyeza hutoa mlio mdogo, tki, na kurudi. Kikiwa kimelegea, kimezama au hakitoi mlio, zungushia pembeni mswaki mkavu laini kabla hujamlaumu sasisho.

Toa laini. Toa na memori kadi, isipokuwa kama siku ulipoiweka uliichagua iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu. Kama ndivyo, iache, kwa sababu mfumo unaitegemea. Chomeka chaja unayoiamini kwa nusu saa. Kisha kandamiza kitufe cha kuwasha sekunde 30 bila kuachia. Kwenye simu nyingine ni kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti, kwa sekunde 10 hadi 20. Huku ni kuilazimisha izime na kuanza upya. Hakufuti kitu.

Baada ya hapo iache ijaribu yenyewe ikiwa kwenye chaja. Wengi hawaamini nikiwaambia hivi, ila kuna sababu mbili. Simu nyingi za miaka ya karibuni zinabeba nakala mbili za mfumo: sasisho huandikwa kwenye nakala iliyolala, kisha simu huhamia huko, na nakala mpya ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, butiloda hurudi kwenye ile ya zamani bila kumwuliza mtu. Sababu ya pili ni kwamba tangu Android 8.0 mfumo unajihesabu mianguko. Huduma yake kuu ikianguka zaidi ya mara tano ndani ya dakika tano, unaanza kujitibu kwa hatua, ukirudisha baadhi ya mipangilio kwenye hali ya kiwandani.

Hatua ya mwisho ya tiba hiyo ndiyo inayoumiza watu. Utaona skrini nyeusi yenye maandishi ya Kiingereza yanayosema mfumo wa Android umeshindwa kupakia na kwamba data yako huenda imeharibika, na chini yake mistari miwili: "Try again" na "Factory data reset". Mstari wa kwanza unajaribu tena. Wa pili unafuta kila kitu, na sauti za mzee zinakwenda nazo. Ukifika hapo, chagua wa kwanza. Ukirudishwa hapo tena, chagua wa kwanza tena. Na usimpe simu mtoto wala jirani "mjanja wa simu" ikiwa kwenye skrini hiyo.

Ukiniuliza nabashiri nini kwa maelezo yako, nitasema ni nafasi. Android inahitaji kuandika hata inapowaka: kumbukumbu zake, hifadhidata zake, na baada ya sasisho inapanga upya programu zako. Hifadhi ikiwa imejaa pomoni, huduma inayoshindwa kuandika inaanguka, mfumo unaanza upya, inaanguka tena. Kile kilio cha miezi kadhaa kuwa nafasi imejaa kilikuwa kinaelekea huku.

Ndiyo maana jaribio lako kubwa ni hali salama, ambayo huwasha mfumo bila programu yoyote uliyopakua mwenyewe. Washa simu, na mara picha inapoanza kucheza, kandamiza kitufe cha kupunguza sauti na usikiachie mpaka ifike mwisho. Kwenye simu nyingine, za Samsung kwa mfano, unaanza kukandamiza mapema, nembo inapotokea. Jaribu mara tano au sita, maana kushika muda wake kunataka mazoea. Programu moja yenye kasoro, au hata picha tu, inaweza kuiangusha simu nzima. Mwaka 2020 kulizuka kisa cha picha nzuri ya ziwa Saint Mary kule Montana, Marekani, ambayo ukiiweka kuwa pazia la skrini kwenye simu nyingi za Android 10, simu ilianza kuwaka na kuzima bila kikomo. Hakikuwa kirusi. Picha ilikuwa na mpangilio wa rangi usio wa kawaida, hesabu ya mwangaza ikazidi 255 ambayo ndiyo kilele mfumo ulichotarajia, na programu inayochora skrini ikaanguka kila ilipojaribu kuichora.

Hali salama ikikubali na ukaingiza namba yako ya siri, usianze kupiga simu kuwapa watu habari. Chomeka kebo kwenye kompyuta, kubali kuhamisha faili, kisha fuata njia hii ndani ya hifadhi ya simu: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Voice Notes. Humo utakuta folda zenye majina ya tarakimu tupu, kwa mfano 202431, maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2024. Ndani ya kila moja kuna faili zinazoanza na PTT zikifuatiwa na mwaka, mwezi na siku, zikiishia na .opus. Hizo ndizo sauti. Nakili folda yote, usichague ya baba peke yake, kwa sababu majina ya faili hayasemi nani aliyetuma na utapitwa. Nakili pia folda iitwayo Databases iliyo jirani na Media. Zikishafungua na kusikika kwenye kompyuta, ndipo ufute video na vitu vizito kwenye simu mpaka upate gigabaiti kadhaa, halafu uiwashe kawaida.

Ikigoma hali salama, tunaingia kwenye menyu ya rikavari, yaani menyu ya uokoaji inayofunguka bila Android kuwaka. Zima simu, kisha kandamiza pamoja kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti. Kwenye Pixel, simu za Google, ni cha kupunguza sauti, halafu unachagua rikavari kwenye orodha. Samsung nyingi za sasa hazikubali mpaka ziwe zimeunganishwa kwa kebo na kompyuta. Ukikutana na kikatuni cha roboti kimelala na maneno "No command", hujaharibu kitu: shikilia kitufe cha kuwasha, gusa cha kuongeza sauti mara moja, menyu itafunguka. Kwenye simu nyingi kioo hakisikii kidole humo ndani. Vitufe vya sauti vinapandisha na kushusha, cha kuwasha kinachagua.

Soma polepole hapo. Mstari wa "Wipe cache partition" unafuta faili za muda tu na hauna madhara kwa vitu vyako. Mstari wa "Wipe data/factory reset" unafuta kila kitu. Waliopanga menyu hii waliiweka mistari hiyo miwili jirani, mmoja juu ya mwenzake, na mimi sijawahi kuwaelewa. Kila simu inayoletwa kwangu nasoma mstari uliowekewa rangi kwa sauti kabla ya kubonyeza, na sijali mteja ananionaje. Simu nyingi mpya hazina kabisa mstari wa kache. Usipouona, usitafute mbadala wake. Samsung zina pia "Repair apps", inayopanga upya programu bila kufuta data, nayo nimeiona ikisaidia baada ya sasisho lililokwenda upande.

Kama hapo bado, ndipo tuongee kuhusu kuflashi. Neno hili mtaani linabeba mambo mawili tofauti na fundi wako wa kwanza anayachanganya. Kuna kuweka mfumo na kusafisha hifadhi kwa pamoja, na kuna kuweka mfumo juu ya uliopo bila kugusa sehemu ya data. Wewe unataka hili la pili. Mwambie kwa maneno haya: weka mfumo wa modeli hiihii, toleo lilelile au jipya kuliko lililopo, na data isiguswe. Kurudisha toleo la nyuma ni hatari. Simu inaweza kulikataa, au likashindwa kuisoma data iliyoandikwa na toleo jipya.

Kisha simama nyuma yake uangalie. Kwa Samsung na programu ya Odin, faili inayowekwa kwenye nafasi ya CSC iwe ile inayoanza na HOME_CSC. Ile ya CSC bila HOME inafuta. Kwa simu zenye prosesa za MediaTek zinazotumia SP Flash Tool, kichaguliwe "Download Only". Akichagua "Format All + Download", kwaheri data, na mara nyingi kwaheri IMEI pia, namba ya utambulisho wa simu, na simu inabaki bila mtandao. Kwa Pixel, faili kamili ya sasisho hutolewa na Google yenyewe na huingizwa kwa kebo kupitia rikavari, data inabaki. Fundi akianza kwa kusema lazima kwanza afungue butiloda, mzuie. Kufungua butiloda peke yake kunafuta simu, hata kabla hajaweka chochote. Nami nisikufiche: kama kiini ni hifadhi iliyojaa, mfumo mpya juu ya data ileile unaweza kuangukia palepale. Wakati mwingine unafaa, kwa sababu huwa ni sasisho lililokatika katikati. Unajaribiwa kwa kuwa haukupotezei kitu.

Tuje kwa fundi wa pili. Zamani alikuwa sahihi. Kwenye simu za zamani data ilikaa wazi kwenye chipu, uking'oa unaisoma. Siku hizi hifadhi imefumbwa, yaani haisomeki bila ufunguo, na tangu Android 10 ya mwaka 2019 kila simu mpya inayotoka na mfumo huo inalazimika kufumba data ya mtumiaji. Ufunguo wa kufumbua hautoki kwenye chipu ya memori. Unatengenezwa ndani ya prosesa, ukachanganywa na namba yako ya siri. Akiing'oa memori atapata mabilioni ya herufi zisizo na maana, na atakurudishia simu iliyokufa kweli. Kazi halali ya ubao ni kuufufua ubao wenyewe ili prosesa na memori zifanye kazi pamoja kama zilivyozaliwa, au kuzihamisha zote mbili pamoja kwenye ubao mwingine. Ni kazi ya hadubini na mkono uliotulia. Ndiyo ya kwenda kutafuta kama zile sekunde zako zilikuwa hazifanani.

Maana zipo simu zinazozunguka kwenye nembo na hakuna programu itakayozitibu. LG G4 ya mwaka 2015 ni mfano unaojulikana: Januari 2016 LG ilikiri kuwa tatizo la kuzunguka kwenye nembo lilitokana na vipuri kutogusana vizuri ndani ya simu. Wenye nazo waliiriseti, yaani waliifuta irudi kama mpya, hata mara kumi, ilirudi kwenye nembo. Dalili ya aina hiyo ni simu kufika mbali ikiwa baridi na kukatika ikipata joto. Watu wakisikia hivyo wanaweka simu kwenye friji. Usiweke. Ikitoka inalowa jasho ndani, na maji kwenye ubao uliowashwa ni msiba wa pili.

Kwa msomaji mwenye iPhone iliyokwama kwenye nembo ya tofaa, mantiki ni ileile. Kuanzia iPhone 8, gusa kitufe cha kuongeza sauti, gusa cha kupunguza, kisha kandamiza cha pembeni mpaka nembo itokee. Ikikwama tena, iunganishe na kompyuta, rudia vitufe hivyohivyo lakini usiachie mpaka uone picha ya kebo na kompyuta. Utaulizwa "Update" au "Restore". Cha kwanza kinaweka mfumo upya na kujaribu kuhifadhi data, cha pili kinafuta. Upakuaji ukizidi dakika 15 simu hutoka yenyewe kwenye hali hiyo. Subiri umalizike kwenye kompyuta, kisha urudie vitufe.

Siku ukiamua kwamba sauti zimeshapatikana na simu irisetiwe tu, kumbuka kwanza anwani na nenosiri la akaunti ya Google iliyomo. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kupitia rikavari inadai akaunti ileile kabla ya kukubali kutumika.

Na usiwe na haraka ya kufungua WhatsApp kwenye simu nyingine. Ingia kwanza kwenye akaunti yako ya Google kwa kompyuta, fungua Drive, sehemu ya hifadhi, kisha nakala rudufu. Watu wengi husema hawana nakala kumbe waliikubali siku ya kwanza wakasahau. Ukiikuta ya WhatsApp, tazama tarehe yake. Utakapoweka WhatsApp kwenye simu nyingine tumia namba ileile na akaunti ileile, na ukiulizwa kurejesha, kubali. Ukiruka hapo, nakala mpya tupu itakuja kuandikwa juu ya ile yenye sauti.

Kuna jambo moja nimeliacha mwisho kwa sababu halihusu simu yako. Sauti hizo zilirekodiwa kwenye simu ya mzee kabla hazijafika kwako, na kama hakuzifuta, bado zimo humo, kwenye mazungumzo yenu. Simu yake iko wapi? Mwambie aliye nayo asiiriseti, asimrithishe mtu, asiifute WhatsApp hata kwa nia ya kupunguza vitu. Iwekwe kwenye chaja leo. Mkijua namba yake ya siri, folda ni ileile niliyokutajia, ila zilizotumwa na mwenye simu hukaa pamoja na alizopokea, kwa hiyo nakilini zote. Kisha niandikie zile sekunde zako tatu, bila chaja na ukiwa na chaja, pamoja na modeli kamili ya simu, nikuambie tunaanzia wapi.